Miwani Juu ya Meza Nyeupe

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine: kuvuta dawa ya Bibi kwenye sindano. Jina la Chiriku hakupewa na wazazi. Alibandikwa na bibi yake huyo huyo alipokuwa na miaka mitatu, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, nalo likamganda mpaka sasa ana miaka kumi na miwili.

Bibi alikuwa na kisukari kwa miaka mingi. Mikono yake ilikuwa bado imara, na sindano alijichoma mwenyewe pajani bila hata kukunja uso, lakini macho yalikuwa yamefifia. Hakuweza kuona mistari midogo iliyochorwa kwenye bomba la sindano. Kwa hiyo nesi wa kituo cha afya alimkalisha Chiriku kitako siku moja, akamfundisha kuvuta dawa mpaka mstari wa kumi na mbili, bila kuzidisha wala kupunguza.

"Dawa hii ni rafiki," nesi alimwambia, "lakini ikizidi inageuka adui. Sukari mwilini inashuka, mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaweza hata kuzimia. Ukiona dalili hizo na bado anaweza kumeza, mpe sukari kwanza, maswali baadaye. Halafu mlete hapa mbio."

Utaratibu wa Bibi haukubadilika. Alinawa mikono, akaketi karibu na dirisha, akafumba macho na kusema, "Mungu wangu, umeniamsha, ahsante. Leo tena tusaidiane." Dua zake zilikuwa fupi hivyo. Kisha alifumbua macho na kumgeukia mjukuu wake.

"Haya, mke mwenzangu, fanya kazi yako. Macho yako ndiyo macho yangu."

Huo wa "mke mwenzangu" ulikuwa utani wao wa bibi na mjukuu, na Chiriku aliuzoea. Lakini siku hizi maneno yaliyofuata yalimchoma. Alisimama mwangani, akaunyoosha mkono uliobeba sindano mbali na uso wake, akafumba jicho moja, kisha la pili. Mistari ilitambaa kama siafu waliomwagiwa maji.

"Mbona unaisukuma mbali hivyo?" Bibi aliuliza. "Inanuka?"

"Nahakikisha tu, Bibi."

Alipodhani amefika kumi na mbili, alimpa. Bibi alijichoma, akavuta pumzi, akaomba chai yake. Hakuna lililotokea. Chiriku aliondoka kwenda shule akiihesabu tena ile mistari kichwani, na alikuwa ameondoka hivyo kila asubuhi kwa wiki tatu.

Miwani yake ilikuwa wapi? Ilikuwa juu ya meza nyeupe, kwenye ukumbi wa maombi ulio ghorofani juu ya duka la rangi. Na ili tuelewe ilifikaje huko, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Mama yake Chiriku alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa kiwanda chake: meza ya kukatia, cherehani ya miguu, na daftari la vipimo vya wateja lililoning'inia kwenye msumari. Miaka miwili iliyopita, baba wa nyumba ile alifariki ghafla. Mama akafunika cherehani kwa shuka, na kwa miezi mitatu shuka lile halikufunuliwa. Hakula, hakuoga mpaka aombwe, hakuzungumza.

Waliomwinua ni wanawake wa ule ukumbi. Walikuja na vyakula, wakafua nguo, wakakaa naye sakafuni bila kumharakisha. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri aliyeitwa Mlezi, alimshika mkono kila jioni na kumwimbia. Jambo hilo Chiriku hakulisahau, na sisi pia tusilisahau, kwa sababu wema wao ulikuwa wa kweli. Mama alifunua cherehani yake, akaanza kwenda ukumbini siku za ibada, akarudi akiwa na nuru usoni.

Lakini siku moja kwa wiki ikawa mbili, mbili zikawa nne. Kisha Mama akaanza kumuuliza Mlezi kila kitu. Mteja akileta kitambaa cheusi, Mama alimpigia simu Mlezi kujua kama akipokee au akikatae. Akiota ndoto, alipiga. Akitaka kubadilisha sindano ya cherehani, alipiga. Na Mlezi asipopokea simu, mkasi haukuguswa siku nzima, hata kama mteja alikuwa amesimama mlangoni akigonga saa yake kwa kidole.

"Binti yangu," Bibi alimwambia siku moja, "Mungu hakukupa kichwa ili ubebee kilemba tu."

"Mama, usiseme hivyo. Unaleta mikosi," Mama alijibu, akatazama juu kana kwamba dari linasikia.

Pale ukumbini, mbele kabisa, palikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe chenye lesi. Mama ndiye aliyekishona. Iliitwa meza ya ushuhuda. Mtu akipona kwa maombi, aliacha juu yake kile asichokihitaji tena: mkanda wa mgongo, chupa za vidonge, na fimbo ya mzee mmoja aliyekuwa mpagazi sokoni, ambaye siku hizi alipandisha ngazi za ukumbi akijishika ukutani na kusema goti limepona.

Ndipo katika ibada moja, wiki tatu zilizopita, Mlezi alisimama mbele ya watu na kusema, "Yupo mtoto humu anayeteswa na macho." Haikuhitaji ufunuo mkubwa, maana ukumbi mzima ulikuwa na mtoto mmoja tu mwenye miwani. Chiriku aliitwa. Mlezi akamvua miwani, akamwekea mkono kwenye paji la uso, akaomba kwa sauti kubwa mpaka jasho likamtoka. Kisha alikwenda hadi mwisho wa ukumbi, akainua mkono.

"Hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu," Chiriku alijibu.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga vigelegele, wakaruka, viti vya plastiki vikaanguka. Chiriku alibaki ameduwaa. Macho yake hayakuwahi kushindwa kuona mbali! Kilichomsumbua tangu utotoni ni vitu vya karibu, kama herufi za kitabuni, tundu la sindano na mistari. Vidole vile angeviona jana, juzi, na mwaka jana. Alifungua kinywa aseme hivyo, ndipo akamwona Mama. Mama alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na kicheko kile Chiriku hakuwa amekisikia tangu baba yake azikwe.

Akafunga kinywa. Miwani ikawekwa juu ya meza nyeupe, kati ya fimbo na chupa za vidonge.

Shuleni, wale waliozoea kumwita Macho Manne walianza kumwita Muujiza. Mwanzoni alifurahi, tusimfiche. Nani anapenda kuitwa Macho Manne? Lakini furaha ile haikufika mbali. Wakati wa kusoma kwa sauti, alijifanya ana kikohozi. Kila ikifika saa nne asubuhi, kichwa kilimgonga. Pacha, rafiki yake aliyeketi naye dawati moja, alimnong'oneza majibu mpaka akachoka.

"Wewe, nenda kaichukue miwani yako," Pacha alisema. "Kwani imekufa?"

"Siwezi. Nimepona."

"Umepona nini? Jana umesoma 'mbuzi' ukasema 'mbegu'. Darasa zima likakucheka."

Nyumbani nako mambo hayakuwa mazuri. Kazi ya Chiriku jioni ilikuwa kumsomea Mama vipimo kutoka kwenye daftari wakati Mama akikata. Siku moja alisoma ishirini na tatu mahali palipoandikwa ishirini na nane, na mkono wa gauni la mteja ukatoka mfupi, haufiki hata kwenye kiwiko. Mama alilipima gauni lile upya, mara mbili.

"Ni vita hivi," alisema mwishoni. "Kuna jicho baya kwenye kazi yangu. Nitamuuliza Mlezi."

Hakuuliza, "Chiriku, unaona?" Na Chiriku, mtoto ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alikaa kimya. Kila usiku alipolala alisema dua ile ile: "Mungu, niponye kweli, ili nisiwe mwongo." Kisha aliamka, akatazama ukurasa wa kitabu, na herufi zilikuwa zinatambaa vile vile. Akaanza kuogopa kuomba. Aliona kama Mungu amemgeuzia kisogo.

Wiki ya pili alijikaza, akamfuata Mlezi kabla ya ibada. Mlezi alikuwa akipanga viti, na harufu ya rangi ilipanda kutoka dukani chini.

"Shikamoo, Mlezi. Macho yangu... bado sioni vya karibu."

Mlezi aliacha viti, akatazama huku na huku, kisha akamwinamia. Hakuwa mkali. Alimpapasa shavuni.

"Usiseme hivyo, mwanangu. Ukiutaja ugonjwa unauita urudi. Na shaka ya mtu mmoja huzima uponyaji wa wengine. Unamwona mzee wa goti? Unamwona mama yako alivyochangamka? Unataka arudi kule alikokuwa?"

"Hapana."

"Basi amini, na unyamaze."

Chiriku alinyamaza. Tangu siku hiyo mzigo wake ukawa mizigo miwili: kutoona, na kubeba furaha ya watu wazima ukumbi mzima.

Ikafika Jumamosi. Mama alitoka alfajiri kwenda kwenye maombi ya asubuhi, ambako simu zote huwekwa kwenye kikapu mlangoni. Mvua ilikuwa imefunga, na mwanga dirishani ulikuwa hafifu. Bibi alinawa, akaomba dua yake fupi, akasubiri.

Chiriku alivuta dawa. Alisogeza sindano mbali, akairudisha, akaielekeza mlangoni. Kuna mstari mrefu na mistari mifupi, na mrefu ule ulikuwa wa kumi, au wa ishirini? Alihesabu miwili zaidi. Angeweza kusema, "Bibi, sioni." Ni maneno mawili tu. Lakini yangetoka nje ya mlango ule, yangepanda ngazi za duka la rangi, yangemfikia Mama.

"Tayari," alisema.

Bibi alijichoma. Chai ikachelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi na jiko lilifuka moshi tu. Chiriku alikuwa bado anapuliza moto aliposikia kitu kimeanguka. Kilikuwa kikombe. Bibi alikuwa ameketi pale pale dirishani, jasho limemlowesha shingo, mikono inamtetemeka kama ya mtu aliyetoka kwenye maji baridi.

"Bibi?"

"Mwambie baba yako... afunge mlango," Bibi alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito. Baba ambaye hayupo duniani.

Chiriku alijua mara moja amefanya nini. Jambo la kwanza alilofanya ni kupiga magoti, kwa sababu ndivyo alivyoona watu wakifanya ukumbini jambo likiwa zito: unapiga magoti, unalia, unasubiri. Au akimbie kumwita Mlezi? Ngazi ziko mbali, na Mlezi hatoki kabla maombi hayajaisha. Kisha sauti ya nesi ikamjia: sukari kwanza, maswali baadaye.

"Mungu wangu, nisaidie," alisema huku akiinuka, na dua yake iliendelea akitembea. "Nisaidie, nisaidie, na kopo la sukari liko wapi jamani!" Lilikuwa nyuma ya unga. Alimimina sukari kwenye maji, akakoroga kwa kidole, akamshika Bibi kidevu. "Kunywa, Bibi. Kunywa kidogo kidogo. Meza. Bado, tena."

Bibi alimeza. Nusu ilimwagika kifuani. Chiriku akatoa kichwa mlangoni na kupaza sauti ambayo mtaa ulikuwa umeisahau, na jirani yao, fundi viatu, akaja mbio akiwa bado ameshika nyundo. Aliposikia habari hakuuliza la pili. Alimwita mwenye mkokoteni wa kubebea mizigo, wakamlaza Bibi juu ya magunia, wakamfunika kwa turubai, wakausukuma mkokoteni kwenye matope hadi kituo cha afya. Njia nzima Chiriku alimpa Bibi maji ya sukari. Kisha fundi viatu akaenda kumwita Mama ukumbini.

Nesi alimpima Bibi, akamtundikia dripu. Bibi alikuwa ameanza kujitambua, na alipomwona Chiriku alijaribu kutabasamu.

"Sukari ilishuka sana," nesi alisema. "Umefanya vizuri kumpa maji ya sukari. Sasa nijibu. Leo ulivuta mpaka mstari wa ngapi?"

Kulikuwa na jibu rahisi. Kumi na mbili. Bibi angepumzika kidogo, wangerudi nyumbani, na wa kujua asingekuwepo. Chiriku alitazama sakafu.

"Sijui," alisema. "Nilidhani ni kumi na mbili. Labda ni ishirini na mbili. Sioni vya karibu. Miwani yangu iko ukumbini, juu ya meza. Nilisema nimepona na sikupona." Na hapo ndipo machozi yakatoka, mengi, ya wiki tatu nzima.

Nesi hakumgombeza. Aliandika kitu haraka kwenye kadi ya Bibi, akaongeza kasi ya dripu, kisha akamkalisha Chiriku kwenye benchi.

"Sikiliza. Ungeniambia kumi na mbili, baada ya saa moja ningemruhusu aende. Na dawa ikizidi kiasi hicho, sukari inaweza kushuka tena mkiwa nyumbani, pengine amelala. Sasa atabaki hapa mpaka kesho, na tutampima kila saa. Ukweli wako ndio utakaomlinda Bibi. Umenielewa?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, lakini hakuacha kulia.

Mama alifika akiwa amelowa, kiatu kimoja kimekatika. Alikuwa amesikia kutoka mlangoni tangu pale Chiriku alipotaja miwani. Chiriku alisubiri kofi, au kile kitu kibaya kuliko kofi: uso ule wa miezi mitatu, uso usio na mtu ndani. Badala yake Mama aliketi sakafuni mbele ya benchi, akamshika magoti.

"Fundi viatu alipokuja kuniita," alisema, "Mlezi aliniambia nisitoke, nimalize maombi kwanza, niliache mikononi mwa Mungu. Nikakaa. Mama yangu mzazi yuko hoi, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikisubiri ruhusa ya kusimama. Ndipo nikatoka mbio." Akajifuta uso kwa kiganja. "Chiriku, nani alikupeleka kwa daktari wa macho?"

"Wewe."

"Nani aliambiwa mtoto huyu haoni vya karibu?"

"Wewe, Mama."

"Basi mimi nilijua. Vile vidole ungeviona hata ukiwa barabarani. Nilijua siku ile ile, nikajiziba masikio kwa sababu nilitaka sana kufurahi. Na gauni la watu lilipokatwa vibaya, nikaenda kutafuta jicho baya mtaani, kumbe macho ya mwanangu yako mbele yangu. Mwanangu, nisamehe."

"Nyie wawili," sauti dhaifu ilitoka kitandani, "mgonjwa ni mimi, lakini wanaolia ni nyinyi."

Walimwendea. Chiriku alimshika mkono usio na dripu, akauliza swali lililomkaa kooni muda wote ule. "Bibi, Mungu amekasirika? Nilimsingizia kitu ambacho hakufanya."

Bibi alimtazama kwa macho yake yaliyofifia.

"Mungu si maskini, mke mwenzangu. Hahitaji kuazima uongo wako ili aonekane mkubwa."

Bibi alilala hapo usiku huo, na kweli, sukari ilishuka tena mara moja jioni, na nesi aliikuta mapema. Mama aliposikia hivyo alivuta benchi, akakaa kando ya kitanda.

Siku ya ibada, mama na binti walipanda ngazi za duka la rangi. Mama alikuwa amesema ataenda peke yake, lakini Chiriku alikataa. "Niliiacha mbele ya watu," alisema, "nitaichukua mbele ya watu." Maneno yalikuwa makubwa, ila kwenye ngazi alimshika Mama mkono.

Nyimbo zilipokwisha, Chiriku alitembea mpaka mbele. Watu walidhani anakwenda kutoa ushuhuda mwingine, wakaanza kupiga makofi. Alifika kwenye meza nyeupe, akachukua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa. Makofi yakafa moja moja.

"Mwanangu, unafanya nini?" Mlezi aliuliza, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni.

"Mlezi, vile vidole niliviona kwa sababu huwa naviona. Mimi sioni vya karibu. Sikupona. Niliogopa kusema, na jana Bibi yangu nusura afe kwa sababu yangu."

Minong'ono ilienea. "Ni shaka hiyo," mtu mmoja alisema nyuma. "Shaka imemwingia mtoto." Mlezi akainua mkono kama anayetaka kuomba, ndipo Mama akasimama kutoka kwenye kiti chake. Sauti yake ilifika hadi nyuma.

"Mlezi, uliniokota nilipokuwa nimeanguka. Wema huo sitaweza kuulipa mpaka naingia kaburini. Lakini uliponisimamisha, mimi sikutembea. Nilikuegemea tu, hata kitambaa cha mteja sikuweza kukikata bila wewe. Na mtoto huyu ameniambia alikuja kwako na ukweli, akaambiwa anyamaze. Nyumba ambayo mtoto anaogopa kusema kweli, mimi siwezi kuiita nyumba ya Mungu mpaka irekebishwe."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Kisha kiti kimoja kilisukumwa nyuma. Mzee mpagazi aliinuka, akajishika kiti hadi kiti, akafika mbele akihema. Akaichukua fimbo yake juu ya meza.

"Na mimi nachukua changu," alisema. "Zile ngazi zimeniua."

Mtu alicheka, kisha akaona haya. Lakini mama mmoja mwembamba aliyekuwa kando alikuwa ameshasimama, na hakumtazama mtu alipoichukua chupa yake ya vidonge na kuitia kwenye mkoba. Mlezi alishusha kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza tangu avuliwe miwani, Chiriku aliuona uso wake kwa karibu na kwa uwazi, na alishangaa kuona kuwa ulikuwa uso wa mtu anayeogopa.

Wakiwa njiani kurudi, Chiriku aliuliza kama sasa wataacha kuomba.

"Hapana," Mama alisema. "Mimi bila kuomba nisingefika hapa. Ila nimejifunza, tena kwa gharama, kutofautisha. Bibi yako akiomba, anainuka na nguvu za kufanya kazi yake. Ananawa, anachoma sindano, anakunywa chai. Mimi nilikuwa nikiomba, nakaa nasubiri mtu aniambie la kufanya. Ibada njema inakurudishia macho yako, mikono yako na akili yako, inakwambia nenda ukavitumie. Ukiona imekunyang'anya hivyo, ukaogopa kuuliza, ukaogopa kwenda kwa daktari, ukaogopa kusema kweli, basi umefungwa, hata kama kamba ni ya lesi nyeupe. Na uongo, mwanangu, hata ukisemwa ili kumfurahisha mama, utamtafuta tu wa kumuumiza. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Jana kimepita karibu sana na kwetu."

Asubuhi moja wiki hiyo, Bibi akiwa amerudi nyumbani, mambo yalianza kama kawaida. Katika chumba cha mbele mkasi ulikuwa ukila kitambaa cheusi cha mteja, na simu ya Mama ilikuwa juu ya kabati, imenyamaza. Bibi alinawa mikono, akaketi dirishani.

"Mungu wangu, umeniamsha, ahsante. Leo tena tusaidiane."

Chiriku alisogeza miwani puani, akavuta dawa. Mistari ilisimama wima, kila mmoja mahali pake.

"Kumi na mbili, Bibi."

"Soma tena."

"Kumi na mbili. Mama, njoo uhakikishe na wewe!"

Mama alikuja na mkasi mkononi, akainama, akasoma. "Kumi na mbili," alisema.

"Basi," Bibi alisema akipokea sindano yake, "tumeshamshukuru Mungu. Tumshukuru na fundi wa miwani, asije akadhani tumemsahau."